Gari ya zamani inabugia mafuta? Namna ya kupima ukweli na kuitibu hatua kwa hatua

Wadau, swali la "mkuu hii gari inaenda kilomita ngapi kwa lita" limeulizwa mpaka limechoka na majibu yake ni ya kubahatisha tu, mmoja anakwambia IST yake inaenda 18, mwingine anasema yake haifiki 9, na wote wawili hawajawahi kupima. Alafu mtu anauza gari nzuri kabisa kwa bei ya hasara eti inakula mafuta, kumbe kilichokuwa kinakula ni kitu cha kubadilisha kwa mchana mmoja. Hilo ndo linaniuma na ndo maana naandika.

Nalenga gari ambazo wengi tunaendesha hapa Bongo, yaani Toyota za kutoka Japani za kuanzia katikati ya miaka ya 90 mpaka 2007 hivi, Corolla 110, Carina Ti, Vitz za kwanza, IST, Spacio, Premio mpaka Mark II GX110, za petroli na gia otomatiki. Mwenye Nissan au Honda naye atafaidika maana kanuni ni zile zile.

1. Achana na namba ya Japani

Ile namba inayoandikwa kwenye matangazo haikupimwa barabarani. Kwa gari za umri huu ilipimwa kwa utaratibu wa Wajapani unaoitwa 10-15 mode, ulianza mwaka 1991, gari inapandishwa juu ya rola ndani ya maabara, injini tayari ina moto, AC imezimwa, inaendeshwa dakika 11 umbali wa kilomita 4 na kidogo, spidi ya juu kabisa 70 na wastani kama 22.7 kwa saa. Hakuna tuta, hakuna foleni ya Ubungo, hakuna shemeji zako watatu siti ya nyuma. Wajapani wenyewe baadae wakaleta kipimo kingine kikali zaidi, JC08, na namba zikashuka. Kwahiyo gari iliyoandikiwa 18 ikikupa 11 mjini, haijaharibika.

Kwa ninavyoona mimi, injini ya 1NZ ya cc 1500, ile ya kwenye IST ya NCP61, Spacio na Premio ndogo, ikiwa nzima inatoa 9 mpaka 12 kwa lita mjini Dar na AC yake, safari ndefu ukitulia 80 mpaka 90 inatoa 14 mpaka 17. Mark II ya 1G silinda sita mjini tegemea 6 mpaka 8, safari 10 mpaka 12. Ukishapima kama hatua ya 2 inavyoelekeza ukakuta upo ndani ya hapo, usihangaike kutafuta ugonjwa, ruka uende hatua ya 7. Ukiwa chini ya hapo endelea kusoma.

2. Pima, na pima vizuri

Wengi wetu tunaweka mafuta ya elfu kumi kumi, kesho elfu ishirini, na tunaangalia mshale. Kwa njia hiyo hutajua kitu milele, maana geji ya gari ya zamani haisemi ukweli, nusu ya juu ya tenki inashuka taratibu na nusu ya chini inakimbia. Kujua ukweli kuna njia moja tu ya uhakika, fulu tenki kwa fulu tenki.

Nenda sheli moja unayoiamini, jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, acha hapo hapo, usimwambie dada wa pampu aongezee mpaka mafuta yaonekane mdomoni. Kwanza unaharibu kipimo, pili petroli ya ziada inaweza kuingia kwenye kile kikopo cha mkaa kinachonyonya mvuke wa tenki na kukiharibu. Rudisha tripu (ile hesabu ya kilomita za safari kwenye dashibodi) iwe sifuri. Endesha kama kawaida yako mpaka ibaki kama robo, usisubiri taa iwake maana pampu ya mafuta inapozwa na petroli yenyewe na haipendi kukaa kavu. Rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile na gari imekaa upande ule ule, jaza mpaka ikate tena. Sasa lita zilizoingia ndo ulizotumia.

Tuseme tripu inasoma 345 na zimeingia lita 32. Gawa 345 kwa 32 unapata 10.8, hiyo ndo kilomita kwa lita. Kwa pesa, tuchukulie lita ni shilingi 3,000 kwa ajili ya hesabu tu (we weka bei elekezi ya EWURA ya mwezi huo), gawa 3,000 kwa 10.8, unapata kama shilingi 278 kila kilomita. Andika kwenye simu: tarehe, kilomita, lita, na neno moja kama ilikuwa mjini au safari. Tenki moja haitoshi kutoa hukumu, fanya angalau tatu maana pampu kukata mapema kidogo tu inatosha kukudanganya.

Alafu hakikisha odomita yako haikudanganyi. Kama kuna mtu aliweka tairi kubwa kuliko za kiwandani, gari inatembea umbali mrefu kuliko inavyoandika. Mfano gari ya tairi za 175/65R14 ukiifunga 185/65R14, duara linakuwa kubwa kwa asilimia 2 na ushee, yaani kilomita 102 barabarani dashibodi inasoma 100 tu. Washa ramani ya simu ukiwa kwenye barabara ndefu iliyonyooka kama Kibaha kwenda Chalinze, au hesabu zile nguzo za kilomita za pembeni ya barabara, linganisha na tripu. Unaweza kukuta sehemu ya "ulaji" ni tairi tu.

3. Vitu vya kuangalia bila kushika spana

Anza na taa ya O/D OFF. Mtu ananunua gari, kile kitufe cha pembeni ya gia leva kimebonyezwa bahati mbaya au na mtoto, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi miezi na miezi na yeye anadhani ni urembo. Maana yake gia ya nne umeizima. Mjini hutaona tofauti kubwa ila ukiwa Morogoro Road spidi 100 injini inazunguka kama mizunguko elfu moja zaidi ya inavyotakiwa, safari nzima. Bonyeza izime. Ikiwa haizimi bali inapepesa yenyewe, hiyo ni gia boksi inaripoti tatizo, nenda kapime.

Upepo wa tairi. Namba sahihi ipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, gari za Japani zinaandika kPa, 220 ni kama PSI 32, yaani zile namba za fundi pancha. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na nunua geji yako maana nyingi za barabarani zimechoka. Nisikudanganye lakini, makadirio ya Wamarekani ni asilimia 0.2 kwa kila PSI moja inayopungua kwenye tairi zote, kwahiyo tairi zilizopungua PSI 8 zinakula kama asilimia 1.6 tu. Gari ikiwa inaenda 7 kwa lita, upepo peke yake hautakuokoa. Weka upepo kwa ajili ya usalama na tairi zidumu, mafuta ni nyongeza.

Breki zinazong'ang'ania ndo hatari zaidi na hazitajwi sana. Kwa sisi wa pwani, chumvi na unyevu vinakausha zile pini za kalipa (kile kifaa kinachobana diski ya breki), pistoni inapata kutu, au hosi ya breki imevimba kwa ndani inaruhusu mafuta ya breki kwenda ila hayarudi. Endesha kama dakika kumi na tano barabara isiyo na foleni, simama taratibu bila kukanyaga breki sana, shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse diski utaungua. Rimu moja ikiwa inatoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo pana kitu. Uthibitisho: piga jeki, weka gia nyutro, zungusha tairi kwa mkono. Inatakiwa iende japo mzunguko mmoja na ukwaruzaji mdogo tu. Ikigoma, fundi afungue kalipa, asafishe pini, aweke grisi ya breki (sio grisi ya kawaida, inavimbisha mipira). Angalia na waya wa hendibreki huko nyuma.

Mizigo ya kwenye buti na kerieli tupu juu ya bodi, toa. Sina zaidi ya kusema hapo.

4. Thamostati, ugonjwa mkubwa wa gari za Bongo

Hapa naomba tutulie kidogo.

Gari ikichemsha, mafundi wengi kitu cha kwanza wanachofanya ni kutoa thamostati na kukwambia "huku kwetu joto hakuna haja ya hii kitu". Gari inaacha kuchemsha, wewe unashukuru, unaondoka. Kuanzia siku hiyo gari inakula mafuta na huunganishi matukio mawili.

Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, kwa Toyota nyingi za aina hii inaanza kufunguka nyuzijoto 80 mpaka 84. Ukiitoa, maji yanazunguka rejeta muda wote, na ukiwa spidi 90 upepo unapiga mbele, injini inabaki ya uvuguvugu. Sasa kompyuta ya injini haijui kwamba upo Dar na nje kuna joto, yenyewe inasoma joto la maji tu, ikiona bado 60 inasema injini haijapata moto, inaongeza mafuta kama vile ndo umewasha asubuhi. Na inakunyima kitu kingine, gia boksi otomatiki nyingi za Toyota hazifungi lokapu (ile klachi ya ndani inayounga injini na gia boksi moja kwa moja) wala kuruhusu gia ya juu kabisa mpaka injini ipate moto wa kutosha. Umepigwa mara mbili. Tena injini inayofanya kazi ya baridi, petroli isiyoungua inachuruzika kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili, kwahiyo ringi za pistoni zinakwisha mapema.

Namna ya kujua kama unayo. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, washa, fungua boneti, shika hosi ya chini ya rejeta (angalia feni isikukate). Kwa Toyota nyingi thamostati inakaa upande huo wa maji yanayoingia injini. Ikiwa ipo na ni nzima, hosi hiyo inabaki ya baridi muda mrefu wakati injini inapata moto, alafu ghafla inaanza kuwa ya moto. Ikiwa imetolewa, hosi zote mbili zinapata joto pamoja, pole pole, tangu mwanzo. Kwa gari yenye mshale wa joto, ukiona barabara kuu mshale unashuka chini ya kawaida yake na kwenye foleni unapanda, huna thamostati. Gari zisizo na mshale, zile zenye taa ya bluu tu, angalia inachukua muda gani kuzima, na bora zaidi uchomeke kile kifaa kidogo cha bluetuthi kwenye soketi ya chini ya usukani usome kwenye simu, injini ikitulia inatakiwa icheze kwenye 85 mpaka 95.

Ukiirudisha na gari ikaanza kuchemsha tena usimlaumu thamostati, yeye alikuwa anafichiwa ugonjwa wa mwingine. Tafuta: rejeta imeziba kwa kutu ya maji ya bomba, feni haiwaki au inawaka kuchelewa, mfuniko wa rejeta hauzuii presha, pampu ya maji imekwisha, au gasketi. Tibu hicho, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya kweli sio maji ya rangi, na usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Thamostati yenyewe ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na mafuta. Piga hesabu: mtu anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi, kwa 8.5 kwa lita anatumia lita 141, kwa 11 anatumia 109. Tofauti lita 32, kwa ile bei yetu ya 3,000 ni kama elfu 96 kila mwezi inaondoka kwenye ekzosi.

Jirani yake ni sensa ya joto la maji. Ikisema uongo kwamba injini ni baridi wakati ni ya moto, matokeo ni yale yale hata kama thamostati ni mpya. Ukiwa na mita ya umeme pima ukinzani wake, injini ikiwa kwenye nyuzi 80 inatakiwa iwe kati ya omu 200 na 400. Ikiwa omu elfu na kitu, badilisha.

5. Oksijeni sensa na kile anachokiona fundi wa mashine

Injini ya petroli inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya mafuta. Anayeiambia kompyuta kama mchanganyiko uko sawa ni oksijeni sensa, ile iliyochomekwa kwenye ekzosi kabla ya masega (kile kichujio cha kusafisha moshi). Ikiwa nzima na imepata moto, umeme wake unaruka ruka kati ya volti 0.1 na 0.9 muda wote, chini maana yake mafuta machache, juu maana yake mafuta mengi. Sensa ikizeeka inakuwa nzito kubadilika, na ikifa upande wa chini kompyuta inadhani mafuta ni machache inazidi kumwaga.

Dalili unaziona mwenyewe: ncha ya ekzosi ina masizi meusi makavu, ukisimama nyuma ya gari ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) macho yanawasha, harufu ya petroli, plagi zikitolewa ni nyeusi kama zimefukizwa. Maelekezo ya serikali ya Marekani kwa wenye magari yanasema kutibu oksijeni sensa iliyokufa kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta mpaka asilimia 40, hiyo ni kwa hali mbaya kabisa lakini inakuonesha uzito wa kitu chenyewe.

Gari za miaka ya 2000 zina soketi chini ya usukani. Ukipata mashine au kifaa cha simu kinachoshikana na gari yako (sio vyote vinashikana na Toyota za soko la Japani, jaribu kabla ya kulipa), usiishie kusoma kodi (namba za makosa) tu. Mwambie fundi afungue data inayotembea, uangalie mambo matatu, joto la maji, volti za oksijeni sensa, na ile asilimia ya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Hiyo ya tatu ikiwa kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 injini inajimudu. Ikiwa juu sana upande wa kujumlisha, kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu inaona hewa nyingi, tafuta hosi ya vakyumu iliyopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au presha ya pampu ya mafuta imeshuka. Ikiwa kubwa upande wa kutoa, kuna mafuta ya ziada yanaingia, mara nyingi nozeli zinavuja.

Angalizo: magari mengine yana sensa ya mbele ya aina ya kisasa zaidi ambayo haiyumbi kwa volti hivyo, kwahiyo fundi ajue anaangalia ipi kabla hajaihukumu.

Corolla 110, Carina Ti na wenzake wa miaka ya 90 wana njia ya bure. Kwenye chumba cha injini kuna kiboksi kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC, ndani yake kwenye mfuniko kuna ramani ya majina ya pini. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, pini hizo mbili tu sio nyingine, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya chek injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika hakuna kodi. Mbili alafu moja, yaani 21, ni oksijeni sensa. 22 ni sensa ya joto la maji. 25 mchanganyiko una mafuta machache, 26 mafuta mengi. Chukua video kwa simu ndo urahisi wa kuhesabu.

Na kabla hujanunua sensa, angalia kama ekzosi inavuja mbele yake. Huu mchezo unawapata waliochomelea ekzosi au kukata masega, tundu dogo likiwa kabla ya sensa linanyonya hewa ya nje, sensa inaona hewa nyingi, kompyuta inaongeza mafuta. Utabadilisha sensa mpya na itasema uongo ule ule. Kwa wanaouza masega ya magari yao, kwa kweli mnauza kitu kilichokuwa hakiwadai chochote. Masega yakiziba kweli gari inakuwa nzito na inakula, hapo sawa badilisha, ila masega mazima ukiyatoa hupati hata nusu kilomita zaidi, unapata moshi kwa watoto wako tu.

6. Plagi, filta, oili

Plagi za kawaida zibadilishe kila kilomita 20,000, za iridiamu zinaweza kufika 100,000 kama ni halali. Feki ni nyingi, nunua duka ambalo ukirudi utamkuta mwenyewe. Gari ikimisi (silinda moja inaruka kuwaka) hata kidogo ukipanda kilima, petroli ya silinda hiyo inatoka bila kuungua, angalia plagi na koili zake mapema.

Filta ya hewa chafu tunaisingizia mno. Kwa gari ya kabureta kweli inaongeza ulaji, ila kwa gari ya nozeli zenye kompyuta, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 ikakuta filta iliyoziba haibadilishi ulaji wa mafuta kwa maana, inachopunguza ni nguvu ya kuchanganya. Ibadilishe maana vumbi letu ni kali na gari itakuwa nyepesi, ila usitegemee muujiza kwenye mafuta.

Oili, fuata kitabu. 1NZ iliandikiwa 5W-30. Watu wanaweka 20W-50 kwa kuwa "nzito inalinda injini", inazunguka kwa shida zaidi na kila asubuhi inachelewa kufika juu. Kama injini yako inakula oili kweli, kupanda ngazi moja ya uzito inaeleweka, ila kuanza na nzito kwenye injini nzima ni kujitoza kodi.

7. Foleni na mguu wako

Gari ikisimama ikiunguruma inatumia kama nusu lita mpaka lita moja kwa saa kutegemea injini na AC, na hiyo saa kilomita ni sifuri. Mtu wa Mbagala kwenda Posta kila siku anayekaa kwenye foleni saa mbili, hata umfungie injini mpya, namba yake itakuwa ya chini kuliko mtu mwenye gari ile ile anayekaa Kibaha na kufanya kazi Mlandizi. Kwahiyo usilinganishe namba yako na ya mtu asiyepita njia yako. Ukiweza kutoka nyumbani nusu saa mapema, hiyo ni dawa kubwa kuliko spea yoyote niliyoitaja.

Safari fupi fupi nazo zinaua, kwenda dukani kilomita moja, kurudi, kuzima, kutoka tena, injini kila mara inaanza na mafuta ya baridi. Unganisha shughuli zako ziwe mzunguko mmoja.

Kwenye foleni acha nafasi mbele, gari itambae yenyewe, usikanyage mafuta mita kumi alafu breki. Kila unapokanyaga breki unatupa petroli uliyoichoma sekunde tano zilizopita. Ukiona taa nyekundu mbele toa mguu mapema, gari za nozeli ukiachia mafuta ikiwa kwenye gia kompyuta inakata mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke. Ndo maana ile tabia ya kuweka nyutro kwenye mteremko ni ya hasara, ukiwa nyutro injini lazima ilishwe isizime. Mbali na mafuta, ukishuka Kitonga umeweka nyutro umebakiwa na breki peke yake, zikichemka hakuna kitu kingine cha kukushika. Tafadhali acheni hilo.

Barabara kuu, spidi ndo kila kitu. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi, kutoka 80 kwenda 110 upepo unaosukuma gari nyuma unakaribia mara mbili. Jaza fulu tenki Kimara, nenda Morogoro kwa 80 mpaka 90, jaza, rudi kwa 110 pale panaporuhusiwa, jaza tena, ujionee mwenyewe. AC barabara kuu washa tu bila dhambi, madirisha wazi nayo yana gharama yake.

8. Usivyotakiwa kununua

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutia kwenye tenki, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachowasha taa ya kijani eti kinajifunza udereva wako. Pesa hiyo nunua thamostati. Petroli ya okteni kubwa kwa injini isiyoihitaji nayo haiongezi kilomita.

9. Rekebisha kimoja, pima, ndo uende kingine

Ukibadilisha thamostati, plagi, sensa na tairi siku moja, mafuta yakipungua hutajua ni nani alikuwa mwizi na utalipia vitu vizima. Mpangilio wangu ni huu, vya bure kwanza (O/D, upepo, mizigo, breki zinazoshika), alafu joto la injini, alafu data ya mashine, alafu spea ambayo data imeionesha. Fundi akikwambia "tubadilishe sensa tuone", muulize ameona volti ngapi. Akishindwa kujibu, beba gari yako.

Ukimaliza yote hayo na 1NZ bado ipo 7 kwa lita mjini, pima kompresheni (presha ya ndani ya silinda) kwa silinda zote. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, weka oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi. Hapo unachagua kati ya kufungua injini na kununua nyingine iliyotumika kutoka Japani, na ukinunua hiyo nyingine, kabla haijashushwa kwenye gari mwambie fundi aweke thamostati mpya huku unaangalia kwa macho yako.